Kuzima Makala Lubumbashi: Wito kwa Wakaaji wa Jiji

Umeme wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoka karibu wote kwenye maji. Nchi nyingine zinapohesabu vituo vya makaa ya mawe vya kufunga ili zitimize ahadi za Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, Kongo haina orodha kama hiyo. Mwaka 2021 iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 21 ifikapo 2030: asilimia 2 kwa nguvu zake yenyewe, 19 kwa msaada wa nje. Gesi hizo hutokana zaidi na ukataji wa misitu, na misitu inayozunguka Lubumbashi hukatwa kwa sehemu kubwa ili jiji lipate makala ya kupikia. Moshi wa kuzimwa hapa uko kwenye mbabula za uani, na kuuzima ni kazi ya jiji zima.

Katanga imewahi kuanza kuhama kutoka makaa ya mawe kwenda umeme wa maji. Tanuru la shaba la Lubumbashi lilipowashwa mwaka 1911, koki yake ya makaa ya mawe ililetwa kwa reli kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini. Makaa ya mawe ya Luena, upande wa Bukama, nayo yakachimbwa. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kwenye mto Lufira kikaanza kuzalisha umeme. Miaka ya 1950 vikafuata Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Mwaka 1982 ukakamilika mstari wa umeme wa Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Yote hayo yalijengwa kwa ajili ya migodi, na hadi leo migodi ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya umeme. Nyaya nene hupita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Katika komuni za Katuba, Kenya na Rwashi nyumba nyingi zina waya, lakini delestaji huja bila taarifa. Mama anayejua kwamba umeme unaweza kukatika maji ya bukari yakiwa bado hayajachemka hawezi kuitupa mbabula yake, na hesabu yake ni sahihi. Lawama haimhusu.

Haimhusu pia mchoma makala wa barabara ya Kasenga au ya Likasi, ambaye mara nyingi hana njia nyingine ya kupata karo ya watoto. Kazi yake ni ngumu. Hukata miti ya miombo, hupanga magogo kwa tabaka, huyafunika kwa majani na mabonge ya udongo, kisha huwasha upande mmoja na kuziba. Kuni huiva polepole kwa siku kadhaa, hewa ikiwa kidogo sana. Siku hizo zote mchomaji hulala karibu na tanuru na kulizunguka usiku na mchana akiziba nyufa, kwa maana ufa mmoja ukipitisha upepo mzigo wote hugeuka majivu. Pamoja na uangalifu huo, kilo 1 ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Zinazobaki hupanda angani kama moshi, ndani yake mkiwa na methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi kuliko kabonidioksidi. Makala yakifika jijini kwa baiskeli na malori hupotezwa mara ya pili, kwani mbabula ya bati hutoa joto pande zote na sufuria hupata sehemu ndogo tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wamepima hasara hiyo. Katika eneo linalolisha jiji kwa makala, misitu ilifunika karibu asilimia 78 ya ardhi mwaka 1990. Mwaka 2022 ilibaki karibu asilimia 40. Mashamba na migodi vina sehemu yao katika upotevu huo. Pamoja na miti hupotea uyoga na vinkubala, vyakula ambavyo jiji hili huvisubiri kila mwaka mvua zinapoanza.

Hata hivyo miombo haifi kwa shoka pekee. Kisiki kikiachwa bila kung'olewa na moto wa kiangazi ukizuiwa, huchipua tena. Amri ya Agosti 2014 huruhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Kijiji chenye haki hiyo kinaweza kukata kwa zamu na kumfukuza mvamizi. Wanunuzi wa jumla wa Lubumbashi wana nguvu hapa: wakikubaliana kununua kwanza kwa vijiji hivyo, wengine watafuata.

Jikoni hatua ya haraka ni mbabula yenye ukuta wa ndani wa udongo wa kuchomwa. Nchi ya Kenya imeisambaza tangu miaka ya 1980, na hupunguza makala kwa theluthi au zaidi. Mafundi bati wa Lubumbashi hawashindwi kuitengeneza. Wanachokosa ni wateja wa uhakika, na likelemba ya akina mama inaweza kuagiza nyingi kwa mara moja.

Jambo zito zaidi ni umeme wenyewe. Sheria ya Juni 2014 iliruhusu watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme, kwa hiyo kisingizio cha kampuni moja ya taifa kimekwisha. Sheria ya madini ya 2018 huipa komuni au sekta yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha, na huagiza kila mgodi utenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Fedha hizo zinaweza kununua transfoma na nyaya. Haziendi huko bila kudaiwa kwa maandishi na kwa majina mengi. Wakaaji wa Lamu, nchini Kenya, walipinga kwa maandishi mradi wa kituo cha makaa ya mawe, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta kibali chake.

Wakaaji wa Lubumbashi wanaombwa kukutana avenyu kwa avenyu na mashefu wao wa kartie, waorodheshe nyumba zisizo na umeme wa kupikia, na wapeleke orodha hiyo kwa komuni wakidai maelezo ya matumizi ya mrabaha. Makanisa, misikiti, vyama vya wafanyakazi wa migodi na wanafunzi wa chuo kikuu wanaombwa kutia saini pamoja nao.