Matamshi Si Pambo la Baadaye

Mswahili anayehamia Stockholm hupewa ushauri unaosikika kuwa wa busara: jaza kichwa maneno, shika sarufi, matamshi yatakuja yenyewe. Ushauri huo unapoteza watu. Kiswahili kina irabu tano, na mkazo karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiswidi kina irabu tisa, kila moja ndefu na fupi, na mkazo wake huhama. Ukilitamka "banan" kwa mkazo wa kwetu, Mswidi hasikii ndizi, anasikia njia ya reli au uwanja wa mbio. "Kaffe" ni kahawa, "kafé" ni mkahawa, na vinywani mwetu yote mawili huwa "kafe". Anayeona huu ni ushabiki wa wasomi akumbuke barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara. Mgeni akiuweka mkazo pasipo pake, hata sisi hukunja uso kwanza.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba matamshi ni kazi ya mdomo peke yake. Sikio nalo hufunzwa hapohapo. Katika mazungumzo ya kawaida "jag" husemwa "ja", "och" huwa "å", na "de" na "dem", yanayoandikwa tofauti, yote hutamkwa "dom". Aliyejifunza kwa macho husimama katika kituo cha T-Centralen tangazo la treni likampita, ilhali maneno yaleyale yakiandikwa angeyasoma bila shida. Aliyezoea kuyasema kama yanavyosemwa huyatambua, kwa kuwa ameshayabeba katika umbo hilo. Halafu kuna adhabu nyingine: Waswidi wengi wanajua Kiingereza, na wasipokuelewa hukigeukia mara moja. Ni ukarimu, lakini unakunyima mazoezi uliyoyahitaji.

Wapo watakaosema kwamba jiji hili limejaa lafudhi, na kumtaka mhamiaji aongee kama mzaliwa wa Södermalm ni ubaguzi. Hapo wana haki, ila hoja yao inalenga kisichobishaniwa. Waswidi wa Finland hawana ile toni inayotofautisha maneno katika Kiswidi cha Stockholm, na watu wa Skåne huitamkia "r" kooni, wote wanaeleweka. Wanachotunza kwa jumla ni mahali pa mkazo na urefu wa sauti. Bosse Thorén, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stockholm ya mwaka 2008, alitetea hasa jambo hilo: mgeni aanzie mkazo na urefu, toni ije baadaye. Kwa hiyo lafudhi ya Mombasa au Bukavu ibaki, haimdhuru mtu, na mwajiri anayemkataa anayeeleweka kwa sababu ya lafudhi tu ana lake moyoni. Lakini "tak" ni paa na "tack" ni asante, na urefu huo hauna uhusiano wowote na asili ya mtu.

Masomo ya SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, hutolewa bure na manispaa, kuanzia kozi A hadi D. Unayeanza sasa, mwombe mwalimu akurekebishe mkazo na urefu tangu wiki ya kwanza, na akikwambia usijali, mwombe tena.