Chati ni ya mwanafunzi au ya mkaguzi?

Wadau, msimu wa TP umekaribia na hapa bwenini manila zimetapakaa hadi chini ya vitanda. Watu wanachora moyo, figo, jani, maka peni za rangi nne, usiku kucha. Sina ugomvi na uchoraji. Lakini tuambiane ukweli, chati nyingi zinachorwa kwa ajili ya mhadhiri atakayekuja na fomu yenye kipengele cha "zana". Gari lake likitoka getini tu, chati inakunjwa.

Chukua huo moyo. Upande mmoja tunapaka bluu, mwingine nyekundu, na mtoto anaondoka akiamini ana damu ya bluu mwilini! Damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokolea. Bluu ni alama tu, na lazima mwalimu alitamke hilo. Halafu kushoto kwa moyo kunaonekana upande wa kulia wa anayetazama, kwa sababu umechorwa kama wa mtu aliyekuelekea. Usipolisema, darasa zima linakariri kinyume. Wageukie, shika chati kifuani kwako, basi.

Na kwa nini tusiende buchani? Moyo mmoja wa mbuzi na wembe vinatosha. Upasue, vikundi vipokezane kushika. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia. Waulize kwa nini, kisha nyamaza. Waache wabishane mpaka mmoja aseme huu unasukuma damu mwili mzima, mwenzake unaishia mapafuni. Hapo ndipo ubandike chati, isiyo na majina, wayajaze wao.

Najua mtasema darasa lina watoto 90 na boom limekata. Sawa, ila hizo manila nazo si za bure. Tena kwa watoto 90 maandishi yetu madogo ni mapambo tu. Bandika, nenda kakae dawati la mwisho, ujaribu kusoma.

Na nyie wa Jiografia msicheke. Ramani ya Mercator, ya tangu mwaka 1569, inaionyesha Greenland kama inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mkiitundika ukutani, huwa mnawaambia?