UKURASA WA MWALIMU: Damu, Hewa na Safari ya Nyumbani



Kitabu chetu kikifika majumbani, huwa skuli zakaribia kufungwa na tiketi za nyumbani zimeanza kukatwa. Kwa hivyo mwaka huu naona tuzungumze juu ya maradhi mawili yasiyotengana katika koo zetu: homa ya malaria na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu twauita siko seli.

Tuanze na damu. Kazi ya chembe nyekundu ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Kwa mwenye siko seli, chembe zikipungukiwa na oksijeni hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo. Ndipo yanapokuja yale maumivu ya mifupa, na viungo huishi na njaa ya hewa miaka nenda miaka rudi. Namna mwili unavyotambua upungufu wa oksijeni ni elimu kubwa. Mwaka 2019 Gregg Semenza wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jirani zetu wa Baltimore, alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti huo, pamoja na William Kaelin na Peter Ratcliffe.

Siko seli na malaria ni watani wa zamani. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alianza kupima damu za watu wa huko mwaka 1949. Akaona alama ya siko seli ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni haba kwenye nyanda za juu, kusiko na mbu wengi. Mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyerithi mbegu moja, kwa mzazi mmoja tu, hupata kinga fulani ya malaria kali. Aliyerithi mbili, kwa baba na kwa mama, ndiye mgonjwa.

Basi nasikia watu wazima barazani wakisema, "Damu yetu imeshazoea malaria." Maneno hayo ni ya hatari. Kinga ya mazoea hufifia mtu akikaa miaka mingi mbali na mbu wale, na mtoto aliyezaliwa Silver Spring au Alexandria hakuwa nayo tangu mwanzo. Hata mwenye ile mbegu moja huugua. Ama mgonjwa wa siko seli, yeye ndiye wa kuogopewa zaidi: damu yake ni pungufu, bandama lake aghlabu limeshaharibika, na malaria huja kuila hiyo damu kidogo aliyo nayo.

Marekani hugundua wagonjwa wa malaria wapatao 2,000 kwa mwaka. Takriban wote ni wasafiri, na wengi wao walikwenda kuzuru jamaa, kama sisi.

Mjukuu wa dada yangu, mtoto wa miaka 11, alirudi kutoka Tanga, na siku ya tisa akashikwa na homa. Kliniki moja ikasema ni mafua, ikamrudisha nyumbani. Hakuna aliyeuliza habari ya safari, na hakuna aliyeitaja. Siku ya tatu bibi yake akamtazama macho, akayaona ya manjano, akasema, "Huyu ana malaria, twendeni hospitali." Damu ikapimwa, ikawa ndiyo. Alilazwa siku tano. Alhamdulillahi, leo anacheza mpira.

Kwa hivyo, wazazi, shikeni haya. Muoneni daktari wiki sita kabla ya safari, mpate dawa ya kinga. Dawa nyingine huendelea kumezwa wiki nne baada ya kurudi. Msiziache uwanja wa ndege wa Dulles. Laleni ndani ya chandarua, hata Unguja, ambako malaria imepungua sana lakini haijakwisha. Mkirudi, homa yoyote ndani ya mwaka mmoja, neno la kwanza kwa daktari liwe, "Tulikuwa Afrika."

Mwenye siko seli amuulize daktari wake juu ya ndege pia. Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, huweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400, na wanaopitia Addis Ababa hushukia mahali palipo zaidi ya mita 2,300. Anywe maji mengi, na ajifunike asipate baridi.

Na vijana mnaotaka kuoana, pimeni damu kwanza. Wazazi wote wawili wakiwa na ile mbegu moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Tangu 2006 majimbo yote ya Marekani hupima watoto wachanga, lakini sisi tuliozaliwa nyumbani wengi hatukupimwa. Hapa mjini, Chuo Kikuu cha Howard kina kituo cha siko seli tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na Desemba 2023 serikali iliidhinisha tiba mbili mpya zinazorekebisha mbegu za urithi za mgonjwa. Jambo hili halina aibu wala uchawi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nawatakia safari njema, na wasalimieni wazee.