Anayetaka Binti Aje na Mshenga

Binti wa Katubuka, mjini Kigoma, akichumbiwa, hatoki kwao kwa maneno matupu. Mshenga hutangulia na barua ya posa, na wazee humhoji: kijana ni wa ukoo gani, kwao ni wapi, anaishi kwa kazi gani, nani anamfahamu. Mashangazi nao hufanya upelelezi wao kimyakimya. Jibu halitolewi siku hiyo hiyo.

Binti huyohuyo, akiwa bado mtoto wa miaka kumi na mitatu, anaweza kupandishwa treni ya Dar es Salaam na mgeni aliyekaa sebuleni nusu saa. Mgeni amesema neno moja tu: “Nitamsomesha.”

Jumuiya yetu ya watu wa Kigoma, walioko nyumbani na ng’ambo, inaona kwamba maswali ya posa yanapaswa kuulizwa pia pale mtoto anapoombwa kwenda kufanya kazi za ndani. Chombo tunacho tayari, na kila bibi wa Ujiji anajua kukitumia.

Kigoma ina kila sababu ya kuwa macho. Ujiji ilikuwa mwanzo wa njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, zaidi ya kilomita elfu moja kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na wengi waliofikishwa Ujiji walivushwa ziwa kutoka Umanyema. Enzi za mkoloni, vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge. Wakusanyaji wa watu walikuja na ahadi nzuri wakati huo pia.

Lakini si kila mila hulinda. Desturi ya kumpeleka mtoto alelewe na shangazi au mjomba imewatoa wengi kimaisha, wakiwemo wasomaji wa jarida hili. Wasafirishaji haramu wa watu wameigeuza kuwa mlango wao. Hujiita ndugu wa mbali, na wazazi huona haya kumhoji ndugu. Haya hiyo ndiyo inayopaswa kuvunjwa, na posa inatufundisha namna: kumhoji mtu kuhusu kwao si kumvunjia heshima, ni kumpokea rasmi.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ipo tangu 2008. Hata hivyo polisi huitwa baada ya mtoto kuondoka, ilhali ukoo upo kabla.

Watu wazima nao hunaswa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Kati ya wafanyakazi 50 waliohojiwa, wengi walisimulia kunyang’anywa pasi zao, kufanyishwa kazi bila mapumziko na kunyimwa mishahara.

Hapo ndipo wanajumuiya walioko Muscat, Dubai na kwingineko wanapohitajika. Wao ndio mashangazi wa upelelezi huu. Familia ya Katubuka ikipewa jina la mwajiri na mtaa anaokaa, mwenzetu aliye mji huo aende kubisha hodi, aone nyumba, aulize majirani, arudishe jibu kabla tiketi haijakatwa. Anayekataa kutaja anwani asipewe mtu. Na anayetaka yaya kutoka nyumbani, akiwa mmoja wetu, akubali kuhojiwa kwanza na wazee, mjumbe wa mtaa akiwa shahidi.

Kwa mtoto aliyekwisha kuondoka, namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure popote Tanzania. Aliye ng’ambo ampigie jirani wa Katubuka, jirani aipige siku hiyo hiyo.