Kopo la kolajeni litaje mnyama

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga, kuhusu unga wa kolajeni unaouzwa huku kama dawa ya magoti. Mwaka 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilipogeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), usalama wa chakula ulihamia kwenu. Muuzaji akibanwa hujitetea kwamba unga wake si dawa, ni kirutubisho. Basi ni chakula, na chakula mnakisimamia ninyi.

Kopo ninalolisema ni la jirani yangu, mama aliyechuuza samaki miaka mingi, ndoo kichwani, akitoka nayo soko la Deep Sea. Mbele limechorwa goti jekundu. Juu yake muuzaji kabandika karatasi ya Kiswahili: linatibu baridi yabisi, jongo na mgongo. Nyuma kuna maandishi madogo ya lugha ya kigeni asiyoijua. Nimeyasoma yote. Hapakuandikwa popote kama kolajeni hiyo imetokana na ng'ombe, samaki au nguruwe, ilhali hao wote hutumika kuitengenezea. Mama huyu ni Mwislamu, kama walivyo wengi mjini kwetu. Kila asubuhi anasema bismillahi, kisha anakoroga kijiko cha kitu asichojua kimetoka kwa mnyama gani. Hilo linaniuma kuliko bei aliyolipa.

Kolajeni yenyewe si uzushi. Ndiyo protini inayoshikilia gegedu, kano na ngozi, na ina amino asidi za glisini na prolini kwa wingi. Ila ikimezwa, tumbo huivunjavunja kama protini nyingine. Haiendi nzima hadi gotini. Yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu kidogo kwa magoti yaliyolika gegedu, mara nyingi kwa gramu 10 hivi kwa siku, lakini mengi ni madogo na mengine yamelipiwa na watengenezaji wenyewe. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipima dai kwamba kolajeni hutunza viungo, ikaona ushahidi hautoshi. Kopo la jirani yangu halitaji hata gramu.

Glisini hiyohiyo imo kwenye supu ya makongoro na ngozi ya samaki, na vitamini C ambayo mwili unaihitaji ili kujitengenezea kolajeni imo kwenye machungwa ya Muheza. (Mwenye jongo asiyakimbilie makongoro wala dagaa, vyakula hivyo humzidishia asidi ya yuriki.) Wasiwasi wangu mkubwa ni huu: maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Ipo baridi yabisi ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili wenyewe, na isipowahiwa kwa dawa za hospitali huviacha vimepinda. Anayeambiwa unga unatibu, hospitali ya Bombo ataenda lini?

Naomba kila kopo liwe na lebo ya Kiswahili inayotaja mnyama na gramu za kila kijiko, na neno "linatibu" lipigwe marufuku, pamoja na karatasi za kubandika. Wakaguzi wenu wasiishie bandarini. Waingie maduka ya Ngamiani na minada ya Muheza na Pangani. Wakikuta kopo lisilotaja mnyama, waliondoe siku hiyohiyo.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga