Mimea Inayoachwa na Viwavi Iandikwe

Mkulima wa mtama na uwele wa Unyambwa, mkoani Singida, hahitaji kufundishwa uharibifu wa viwavijeshi. Shamba lililokuwa kijani juzi, leo ni mabua matupu. Hapo sote hukimbilia kuuliza dawa ya kunyunyizia itafika lini. Ni wachache wanaouliza swali la pili: ni mmea gani ambao viwavi wameupita bila kuugusa?

Swali hilo si la mzaha. Huko Nairobi, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wanasayansi waliuchunguza mmea mchungu uitwao Ajuga remota. Wananchi wa Kenya huutumia kutibu homa, na viwavijeshi hawauli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha kuwa mmea huo una homoni ileile inayomwezesha mdudu kujivua ngozi ili akue. Kiwavi anayelishwa homoni hiyo kupita kiasi hujenga ngozi mpya ya kichwa kabla ya kuivua ya zamani. Mdomo hufunikwa, naye hufa kwa njaa.

Tukumbuke kwamba mwaka 1954 wataalamu wa Ujerumani walitumia kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri kupata miligramu 25 tu za homoni ya jamii hiyo. Mimea huitengeneza bila kelele. Leo huuzwa ng'ambo kwa wanamichezo wanaotaka kukuza misuli, na mwaka 2020 iliingizwa katika orodha ya vitu vinavyofuatiliwa na shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni.

Sisi tufanye nini? Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule na shamba visitengane. Basi kila shule iwe na daftari la mimea. Wanafunzi waandike jina la Kinyaturu la kila mmea ulioachwa na wadudu, mahali ulipoonekana na matumizi wanayoyajua wazee. Bwana shamba apeleke sampuli kwa watafiti. Mtu asinyunyizie wala kunywa chochote kabla ya kupimwa, kwani mmea unaomdhuru mdudu waweza kumdhuru mtu pia.

Kazi hii haihitaji fedha za kigeni. Yahitaji kalamu, macho na heshima kwa wazee. Wazee hao hawatusubiri, na kila azikwaye bila kuulizwa huondoka na majina ambayo hakuna maabara itakayoyarudisha.