Tovuti Yako Ina Mlango wa Kutokea?

Kila wiki lazima mtu aniingie inboksi na swali lile lile: "Bro, nataka kuanza tovuti ya afilieti, nitumie programu gani ndio Google inipandishe haraka?" Nikijibu "inategemea", msee anaona namringia. Basi leo najibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwa wale wageni, afilieti ni hivi: unaandika makala ya kumsaidia mtu kuchagua kitu, tuseme viatu vya kukimbilia. Ndani unaweka linki ya duka. Msomaji akipitia hiyo linki na kununua, duka linakupa kamisheni, na yeye haongezewi bei. Wasomaji wengi wanatoka Google, ndio maana kila mtu anatafuta programu "yenye SEO".

Msimamo wangu ni kwamba hilo swali limeanzia mahali pabaya. Google haikupi alama za bure kwa sababu ya jina la programu uliyojengea. Swali la kwanza ni hili: siku ukitaka kuhama, utatoka na nini?

Hili somo nililipia. Mapema 2023 niliingia kwa programu moja ya kuburuta na kuachia. Sitaitaja, na pengine wewe inakufaa. Ilikuwa tamu. Kwa jioni moja nilikuwa na tovuti inayong'aa, nikaionyesha kila mtu mtaani. Bei ilikuwa dola 17 kwa mwezi. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 125, kwa hivyo nilikuwa natoa kama 2,100. Kufika Januari 2024, dola ilikuwa imepita shilingi 160. Wao hawakuongeza bei hata senti, lakini mimi sasa nilikuwa natoa zaidi ya 2,700 kwa tovuti iliyoniletea kama mia tisa kwa mwezi mzuri. Piga hesabu mwenyewe ni sahani ngapi za chapo madondo hapo Huruma.

Nikaamua kuhama. Hapo ndipo nikagundua hakuna kitufe cha kutoka na makala zangu. Makala 38! Nilizinakili moja moja, wikendi tatu mfululizo, picha nikizipakua kivyake. Kibaya zaidi, anwani za kurasa zote zilibadilika, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kila anwani ya zamani inafaa kuelekezwa kwa ile mpya. Watu wakibonyeza kwenye Google, wanagonga ukuta. Makala yangu ya viatu vya barabara za murram, iliyokuwa imefika ukurasa wa kwanza, ikapotea kabisa. Zile mia tisa zikawa sufuri kwa miezi minne.

Unaweza kusema hiyo ilikuwa ushamba wangu. Sawa, lakini hata wakubwa hufunga duka. Yahoo walizima GeoCities mwaka wa 2009, na kurasa nyingi sana za watu zikaenda nayo. Machi 2024, Google yenyewe ilizima zile tovuti za bure ambazo biashara ndogo zilikuwa zimetengeneza kupitia wasifu wao wa biashara. Ukijenga kwa shamba la mwenyewe, jua siku moja anaweza kulitaka.

Kwa hivyo ukiwa Eldoret na doo kidogo, mimi naona hivi.

Kama huna kitu kabisa, anza na Blogger. Watu huicheka ati ni ya zamani, lakini ni ya bure, Google wako nayo tangu 2003, inakuruhusu kuweka domeni yako mwenyewe, na unaweza kupakua makala zako zote kwa faili moja. Sura zake ni za kawaida tu. Msomaji anayetafuta kiatu hatajali.

Kama unaweza kupanga kama shilingi elfu nne au tano kwa mwaka, nunua domeni na hosti ya hapa Kenya unayolipia kwa M-Pesa, uweke WordPress. Programu yenyewe ni ya bure tangu itoke 2003, na leo zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani zinaitumia. Hosti akikusumbua, unabeba kila kitu unaenda kwa mwingine, na anwani zinabaki zile zile. Ila usichanganye na WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni. Ukichukua mpango wao wa bure, jina lao linakaa ndani ya anwani yako.

Kama unajua kodi kidogo, jaribu Hugo na uiweke Cloudflare Pages bila malipo. Makala zako zinakuwa faili za maandishi kwa laptopu yako. Hapo hakuna wa kukufungia mlango.

Kuna rafiki yangu anapinga haya vikali. Anasema WordPress ni mzigo: masasisho kila siku, plagini mbovu, wadukuzi. Ako na pointi. Udhaifu mwingi wa WordPress unatoka kwa plagini, na nimeona mtu ameweka 30 kwa tovuti yenye makala sita. Ukijijua wewe ni mvivu wa kusasisha, usiende huko. Rudi Blogger, hakuna aibu. Lakini jibu la uvivu lisiwe kujifungia kwa nyumba isiyo na mlango, tena ya kulipia kwa dola.

Kitu cha pili cha kuangalia ni kasi. Google inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na siku hizi inapima tovuti yako kwa kuangalia vile inakaa kwa simu. Sasa wewe unajaribu tovuti yako kwa laptopu na waifai ya ofisini. Ijaribu kwa simu ya bei nafuu, na bando, ukiwa ndani ya matatu ya kwenda Iten. Kama ile slaidi ya picha uliyoipenda bado inazunguka mkifika njiani, itoe.

Halafu tuambiane ukweli. Ile taa ya kijani ya Yoast haitoki Google. Ni programu inakukumbusha kuweka kichwa na maneno mahali pake, basi. Machi 2024 Google ilitangaza sera kali dhidi ya makala zinazomwagwa kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo, ziandikwe na mtu ama na mashine. Ukiiga orodha ya "viatu 10 bora" kutoka tovuti ya Marekani, unashindana na watu elfu walioiga orodha hiyo hiyo.

Lakini sisi tunaishi mahali wakimbiaji wa dunia nzima wanapanda ndege kuja kufanya mazoezi. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya bahari, na mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unashika soli kama gundi. Mtu akiwa Uingereza anapakia begi, anataka kujua abebe kiatu gani. Wewe unaweza kwenda kuuliza wakimbiaji, upige picha soli zilizoisha, umjibu. Hakuna programu itakuandikia hiyo. Na ukiweka linki ya kamisheni, mwambie msomaji wazi kwamba ukiuza unalipwa.

Basi kabla ulipe mtu yeyote, fanya jaribio moja usiku wa leo. Fungua akaunti ya bure, andika makala mbili fupi, kisha tafuta kitufe cha kupakua zote mbili na ujaribu kuzifungua mahali pengine. Ukikosa hicho kitufe, funga hiyo akaunti ulale. Mimi ningefanya hivyo 2023, ningekuwa na makala yangu ya murram ukurasa wa kwanza mpaka leo.